Joan Armatrading kwenye kibanda cha cherehani

Wengi wanaoingia kwangu na kukuta albamu hii inapigwa huanza na swali moja: "Fundi, huyo anayeimba ni mwanaume au mwanamke?" Nikisema ni mwanamke, husimama palepale mlangoni wasikilize upya. Wengine huweka mfuko wa kitambaa chini kwanza.

Nina kibanda cha kushonea Magomeni, hapa Mtwara mjini. Cherehani tatu, mashine moja ya ovaloki, benchi la wateja, na sabufa juu ya kabati la vitambaa. Albamu ninayoizungumzia ni ya Joan Armatrading, ile ya mwaka 1976 iliyobeba jina lake mwenyewe. Ni ya tatu kwake. Nimekuwa nayo zaidi ya miaka kumi, na katika muda huo nimeziona nyuso nyingi zikiisikia kwa mara ya kwanza. Waliyoyasema hao yamenifunza mengi ambayo nisingeyagundua peke yangu, na ndiyo maana nayaandika pamoja na ya kwangu.

Ilinifikia mwaka 2014. Mji ulikuwa umejaa wageni wa gesi, bomba la kwenda Dar es Salaam linajengwa, kodi za nyumba za Shangani zimepanda, na sisi mafundi tunashona mapazia usiku na mchana. Akaja dada mmoja Mwingereza, mweusi kama mimi, wazazi wake wametoka visiwa vya Karibi. Alitaka gauni la kitenge. Alikuja mara tatu kujaribisha, maana alikuwa na mabega mapana na sikutaka mkono umbane. Mara ya tatu akaniuliza nasikiliza nini ninaposhona. Nikamwonyesha redio. Siku aliyokuja kuchukua gauni aliniachia flashi, akasema, "Huyu ni wa kwetu. Mama yangu alinilea naye."

Halafu akakaa kwenye benchi akanisimulia. Joan alizaliwa mwaka 1950 katika kisiwa cha Saint Kitts. Alipokuwa na miaka mitatu, wazazi wake walihamia Birmingham, Uingereza, pamoja na kaka zake wawili wakubwa. Yeye akapelekwa Antigua kwa bibi yake, akawafuata wazazi akiwa na miaka saba. Niliposikia hivyo niliweka mkasi mezani. Na mimi nimelelewa na bibi, Nanyamba, mpaka nilipofika darasa la tatu, wazazi wakiwa Dar. Najua mtoto anavyokutana na mama yake mzazi na kumwamkia kama mgeni.

Baba yake alikuwa na gitaa, lakini hakumruhusu kuligusa. Alikuwa analificha. Nyumbani kulikuwa na piano ambayo mama yake aliinunua kwa sababu aliiona ni fanicha nzuri ya sebuleni, na hiyo ndiyo binti akaanza kuipapasa. Baadaye akaona gitaa kwenye duka la kuweka rehani, bei paundi tatu. Pesa hazikuwepo. Mama akatoa vigari viwili vikuukuu vya kusukumia watoto, wakabadilishana. Akiwa na miaka 15 aliacha shule aisaidie familia, na kazi yake ya kwanza akaipoteza kwa kupiga gitaa wakati wa mapumziko ya chai. Hakuna aliyemfundisha. Ukilisikia gitaa lake unatambua kuwa vidole vile vilitafuta njia vyenyewe.

Sasa niseme ukweli: sikuipenda. Niliipiga mara mbili nikaitoa. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, muziki hauchezeki, na wanafunzi wangu waliununia. Flashi ikakaa kwenye kopo la vifungo hadi msimu wa korosho uliofuata.

Msimu wa korosho kwetu ndio msimu wa kushona. Wakulima wakishalipwa, kila nyumba inataka nguo: sare za harusi, kanzu, magauni ya mama na mabinti yanayofanana. Usiku mmoja nilikuwa peke yangu na magauni manane ya watu wa Chikongola, umeme ukakatika. Nikawasha taa ya chaji, nikahamia kwenye cherehani ya Butterfly ya kukanyaga kwa mguu. Nyimbo nilikuwa nimeshazihamishia kwenye simu, nikaitumbukiza simu ndani ya sufuria ili sauti ikue. Wimbo wa kwanza, Down to Zero, ukaanza. Mguu wangu ukajikuta unakanyaga sawasawa na gitaa lake.

Usiku ule ndipo nilipoisikia. Anapiga nyuzi kwa kiganja kinachokata, kisha anaacha nafasi. Juu ya hapo kuna gitaa jingine la chuma linaloteleza, lile la kulaza, linalopigwa na B.J. Cole, na linalia kama upepo wa kusi ukipita kwenye makuti. Wimbo unamhusu mwanamke aliyekuwa juu, akatokea mwingine mzuri zaidi akambeba mwanaume wake, na yeye akarudi chini kabisa. Nilitegemea atalia. Halii. Anasimulia akiwa anatembea.

Huyo ndiye Joan kwenye albamu nzima, na ndiyo sababu nadhani watu humkosa mara ya kwanza. Habembelezi. Sisi tumezoea mwimbaji wa mapenzi aombe, atishe au ajibu. Taarabu ya mipasho naipenda kwa moyo wote, nimezipigia vigelegele harusini na nitaendelea kuzipigia, lakini mule mwanamke aliyenyang'anywa hujibu, na hujibu mbele ya watu. Huyu hamjibu mtu yeyote. Ana sauti nzito, ya chini, na kila anapokaribia kuipandisha anairudisha ndani. Msikilizaji ndiye anayelazimika kusogea.

Aliyenieleza hili vizuri kuliko mtu yeyote ni bibi mmoja wa Mikindani. Alikuja na kitenge kipya ashonewe gauni la arusi ya mjukuu. Nikamwamkia, nikamkalisha, nikaanza kumpima. Kiingereza hajui hata neno. Alisikiliza nyimbo mbili akiwa amenyoosha mikono kama nilivyomwelekeza, kisha akasema, "Mwanangu, huyu ana jambo zito lakini hajalimwaga." Nikamwambia ndivyo alivyo. Bibi yule amekuwa kungwi miaka mingi, amewacheza wari wa kijiji kizima. Akaendelea: "Kungwi anayepiga kelele, mwari anatazama nje. Ukitaka mwari akusogelee, sema taratibu." Akaniuliza mwimbaji huyo ana watoto wangapi. Sikuwa na jibu.

Wimbo wa nne ni Love and Affection, na ndio uliomtambulisha kwa dunia. Mwaka huohuo wa 1976 ulifika nafasi ya 10 kwenye chati ya Uingereza, na albamu yenyewe ikafika ya 12. Unaanza kama mazungumzo, gitaa na sauti tu. Anasema hayumo mapenzini, lakini yuko tayari kushawishiwa. Nani anaanza wimbo wa mapenzi hivyo? Baadaye inaingia sauti ya mwanaume, nzito, kutoka chini kabisa. Ni ya Clarke Peters, ambaye wengine wanamfahamu kama mwigizaji. Kisha saksafoni ya Jimmy Jewell. Hapo ndipo wateja wangu huacha kuongea. Nimeliangalia jambo hilo kwa miaka, na karibu kila mara ni pale saksafoni inapoingia. Mtwara ni mji uliokulia muziki wa dansi. Wazee wetu wanaijua saksafoni, na hata kijana asiyejua jina la chombo ameshakisikia kwenye redio ya babu yake.

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa anasubiri nimpunguzie suruali. Akauliza, "Mama, huyu si Tracy Chapman?" Huulizwa hivyo mara nyingi kuliko swali jingine lolote baada ya lile la mwanaume au mwanamke. Nikamwambia Tracy Chapman alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1988, na hii ni ya 1976. Akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo huyu ndiye aliyetangulia miaka kumi na miwili?" Ndiyo, mwanangu. "Mbona huyu hatumjui?" Hapo mimi huumia. Tracy nampenda, redio zetu zimempiga sana na anastahili. Lakini mwanamke mweusi mwenye gitaa lake na nyimbo alizotunga mwenyewe, Uingereza ya wakati ule, hakuwa na aliyemtangulia wa kumfuata nyayo. Joan ndiye aliyefyeka hiyo njia. Huko kwao wamempa nishani, na mwaka 2007 alitoa albamu ya bluzi iliyofika nafasi ya kwanza kwenye chati ya bluzi ya Billboard, Marekani. Huku kwetu, ukitaja jina lake, watu wanakuomba uwatajie herufi.

Kuna mpiga gitaa wa kwaya, mwenyeji wa Ndanda, ambaye huniletea oda ya sare kila mwaka kabla ya Pasaka. Huyu nilimsubiri kwa hamu. Alisikiliza albamu nzima, dakika 40 hivi. Kwa kasi yangu huo ni muda wa kuunga sketi ya vipande sita na kutia zipu. Akaniomba nirudie Down to Zero, halafu akachukua rula yangu ya mbao akaishika kama gitaa anionyeshe. "Mkono wa kulia ndio unaoimba," akasema. "Wengi wetu tunafikiria mkono wa kushoto, wapi uweke vidole. Yeye anapiga gitaa kama anayepiga ngoma." Akanionyesha pia kitu ambacho sikuwa nimekishika: vyombo vingine vinamsubiri. Ngoma haiingii mpaka yeye amemaliza sentensi. Mtayarishaji wa albamu ni Glyn Johns, aliyefanya kazi na Rolling Stones na The Who, mtu aliyezoea makelele ya bendi kubwa, na hapa akajizuia. Mimi nikipewa gauni lililoshonwa na fundi mwingine huligeuza ndani kwanza. Nje kila mtu anaweza kupendezesha; ndani ndiko unakoona kama pindo limekunjwa vizuri na nyuzi zimekatwa. Albamu hii nimeigeuza ndani mara nyingi sana. Ni safi.

Sasa Save Me, wimbo wa tano. Nimesema Joan haombi. Hapa anaomba. Ni wimbo wa polepole, wa mtu anayezama, na ile sauti aliyokuwa akiirudisha ndani kwenye nyimbo nne zilizotangulia, hapa anaiachia kidogo. Kidogo tu. Lakini kwa kuwa umeshamzoea akijizuia, hilo kidogo linakupiga kifuani.

Alikuja mteja wangu mmoja wa siku nyingi, mwanamke wa umri wangu, na magauni matatu ya kupunguza. Nilimshonea mwenyewe yale magauni, kwa hiyo nilijua vipimo vyake bila kufungua daftari. Nilipomzungushia futi kiunoni, zilikuwa zimepungua inchi nne. Sikuuliza. Mji wetu ni mdogo, nilikuwa nimeshasikia kwamba mumewe amehamia kwingine. Nikaanza kufumua mishono, yeye amekaa kwenye benchi anatazama barabarani. Sabufa ilikuwa chini, sikuwa hata nimeifikiria. Ikafika Save Me. Akageuka. "Rudia huo." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Mara tatu. Mwanafunzi wangu mmoja akataka kusema neno, nikamkonyeza anyamaze.

Baada ya ile ya tatu akaniuliza anasema nini. Nikamtafsiria nilivyoweza: kwamba anazama, anaomba mtu amwokoe. Aliinamisha kichwa, akalivuta khanga lake vizuri begani. "Basi aombe yeye," akasema. "Mimi nimechoka." Akatulia, akachukua gauni la kwanza nililokuwa nimemaliza, akaingia nyuma ya pazia kulijaribu.

Nimeufikiria sana wimbo huo tangu siku ile. Zamani niliusikia kama udhaifu wa albamu, mahali ambapo mwanamke hodari alichoka akaanza kulia kama wengine. Sasa nausikia kwa masikio ya yule mteja: ni mtu mwingine anakubebea maombi yako kwa dakika chache ili wewe upumzike.

Si nyimbo zote kumi zinanikamata hivyo. Join the Boys na Like Fire wanangu wa kibandani ndio wanazozipenda, zina mwendo wa kuchezesha bega, lakini mimi huzipitia tu nikisubiri zinazofuata. Water with the Wine ni nyepesi masikioni, ila ukilielewa neno lake si jepesi hata kidogo: mwanamke alikunywa, mwanaume akamtumia, na yeye anajiambia siku nyingine atachanganya divai na maji. Katika mji ambao kila msimu wa mabibo watu hunywa uraka mpaka usiku, wimbo huo hauhitaji mtu wa kutuelezea. Mabinti wanaojifunza kwangu nimewatafsiria neno kwa neno, na tumeuzungumza, mlango umefungwa.

Kaka yangu haitaki albamu hii kabisa. Akipita jioni hunisalimia na kuzima sabufa. Anasema muziki wa huzuni unafukuza wateja na unaita nuksi, na kwamba mtu wa kusini ana sindimba yake, ahangaike na za Birmingham za nini. Tumebishana miaka. Hoja yake ya wateja si ya kweli. Daftari langu la oda nimemwonyesha. Kuhusu huzuni, namwambia sikiliza wimbo wa mwisho, Tall in the Saddle. Anamwimbia mtu aliyekaa kwa maringo juu ya farasi na kumkumbusha kwamba ipo siku atashuka. Mtwara hatuna farasi, lakini yule kijana wa bodaboda nilipomweleza maneno hayo hakuhitaji mfano. "Hata pikipiki utashuka, Mama." Na alisema kwa uzito, maana mwezi ule alikuwa amenyang'anywa pikipiki na aliyemkodishia, akabaki kutembea kwa miguu. Kaka yangu aliusikiliza hadi mwisho siku moja, mvua ikiwa imemzuia. Aliondoka bila kuzima.

Kwa anayetaka kuijaribu: ipo kwenye programu za muziki za simu, tafuta jina lake pamoja na mwaka, maana ana albamu nyingi. Usianze na sabufa yenye besi kubwa, itamfunika. Anza usiku, sauti ya wastani, mikono ikiwa na kazi: kuchambua mchele, kubangua korosho, kukunja nguo. Ukikaa umkodolee macho utachoka kwenye wimbo wa tatu. Na usiihukumu kwa siku moja. Mimi ilinichukua msimu mzima.

Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa Newala wa miaka 19, aliilalamikia kuliko wote. "Mama, huyu hana fujo," alikuwa anasema, na nikitoka tu anaweka singeli. Wiki mbili tatu zikapita. Siku moja nikamkuta kwenye ovaloki, mashine inanguruma, anaimba kwa mdomo uliofumbwa ile saksafoni ya Love and Affection, noti kwa noti, kichwa kimeinama. Sikusema kitu.

Mwezi uliopita amehitimu, amerudi kwao akafungue kibanda chake. Aliniletea flashi yake nimwekee nyimbo. Nafasi ilikuwa imebaki ndogo, imejaa picha za mishono, zikaenea nne tu. Nikamwambia achague mwenyewe. Nilitegemea ataanza na ile ya saksafoni. Akachagua Down to Zero, Water with the Wine, Save Me na Tall in the Saddle. Nilipomuuliza kuhusu ile nyingine, akasema hiyo ameshaijua yote, hana haja ya kuibeba.